Upepo wasingiziwa, mapipa ya taka yamejaa

SAA kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijapanda vizuri juu ya bahari, wafagiaji wa barabara ya ufukweni jijini Dar es Salaam, ile iliyopewa jina la Barack Obama mwaka 2013 na ambayo wakazi wengi bado huiita Ocean Road, huwa wamekwisha kufanya sehemu kubwa ya kazi yao. Taka wamezikusanya mafungu mafungu, wamezitia katika viroba, na viroba wameviegemeza kwenye mapipa yanayongoja gari.

Ifikapo saa tisa alasiri, upepo wa baharini ukiwa umeshika kasi, barabara hiyo hurejea karibu kama ilivyokuwa jana yake. Vikombe vya plastiki, karatasi za chipsi na vifuko vya karanga hukimbizana kuelekea mitaroni, na vilivyo vyepesi zaidi hunasa kwenye michongoma ya nyumba za jirani. Ukiyatazama mapipa, vifuniko vyake vimeanguka nyuma na kuning'inia kwenye bawaba, na midomo imebaki wazi.

Hali hii haipo ufukweni tu. Kuanzia Masaki na Oysterbay, ambako kila geti lina pipa lake la magurudumu, hadi Upanga, Magomeni na Kariakoo, ambako watu wengi hutumia pipa moja au kasha moja kubwa la chuma, kila msimu wa pepo za kusi huleta lawama zile zile. Wenye nyumba humlaumu mzabuni wa taka, naye mzabuni huwalaumu wapangaji. Viongozi wa mtaa huwakumbusha wananchi wafunike mapipa yao, la sivyo watatozwa faini. Wote kwa pamoja, wanapokosa wa kumlaumu, huulaumu upepo.

Upepo hauwezi kujitetea, na labda ndiyo sababu kesi yake haijawahi kusikilizwa vizuri. Ukweli ni kwamba pipa lililofungwa sawasawa halifunguliwi kwa urahisi na upepo wa kawaida wa pwani. Linalofunguliwa ni pipa ambalo tayari lilikuwa wazi.

Jambo hili linaweza kuelezwa kwa hesabu nyepesi. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, inapotoa tahadhari kwa wavuvi na wasafiri wa majini, hutaja upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayozidi mita mbili. Upepo wa kasi hiyo, ukikutana uso kwa uso na ubao uliosimama wima, husukuma kila mita moja ya mraba kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo saba na nusu. Kifuniko cha pipa la lita 240, ambalo ndilo pipa la magurudumu lililozoeleka zaidi, kina zaidi kidogo ya theluthi moja ya mita ya mraba. Kikisimama wima husukumwa kwa nguvu ya karibu kilo tatu, hali chenyewe, kwa kuwa ni cha plastiki, ni chepesi kuliko hapo.

Lakini kifuniko kilicholala hakisimami mbele ya upepo. Kimelala juu ya mdomo wa pipa, kingo zake zimeshuka pande zote, na hewa hupita juu yake bila kupata pa kushika. Kinachobadilisha mambo ni kiroba kimoja kilichozidi. Kiroba hicho hukiinua kifuniko vidole vitatu au vinne, hewa huingia chini yake, na kuanzia hapo kila kinavyopanda ndivyo upepo unavyopata uso mpana zaidi wa kusukuma. Kikishavuka wima, hakirudi tena hadi mtu aje kukirudisha. Tena kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, nguvu yake huongezeka mara nne, kwa hiyo dhoruba ya dakika chache kabla ya mvua hufanya kazi ambayo upepo wa kutwa nzima haukuiweza.

Pipa tupu nalo lina udhaifu wake. Lina uzito wa kati ya kilo 10 na 15 tu, na kifuniko chake kikifunguka hulivuta kuelekea upande wa nyuma, kwenye magurudumu. Ndiyo maana baada ya gari la taka kupita mapipa mengi hukutwa yamelala katikati ya barabara. Hata hivyo pipa tupu lililoanguka ni kero kwa madereva zaidi kuliko kwa usafi. Linalochafua mtaa ni lile lililojaa kupita kiasi.

Swali linalofuata ni kwa nini limejaa kupita kiasi, na hapo ndipo wengi hukimbilia kusema kwamba wananchi hawana ustaarabu. Jibu hilo ni jepesi mno. Mtu ambaye hajui gari litakuja lini hana namna ya kupima taka zake. Akiambiwa Jumanne, na gari likaja Ijumaa, taka za siku tatu zaidi zitakwenda wapi kama si juu ya zile za mwanzo? Kifuniko kilichoinuliwa na viroba, kwa maneno mengine, ni kumbukumbu ya ratiba iliyovunjwa.

Ratiba hiyo ina historia yake. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata waliishinda Halmashauri ya Jiji katika Mahakama Kuu, wakitaka dampo lililokuwa likiwafukizia moshi na harufu liondolewe. Mwaka 1991 wakazi wa Kunduchi Mtongani nao waliishinda Halmashauri hiyo hiyo baada ya taka kuhamishiwa kwao. Hukumu hizo zilikuwa za haki, na husomwa hadi leo na wanafunzi wa sheria ya mazingira. Baada yake taka zilipelekwa Vingunguti, kisha Mtoni, na hatimaye Pugu Kinyamwezi, nje kabisa ya maeneo ya katikati.

Kila dampo liliposogezwa mbali, safari ya gari ilirefuka. Gari linalotoka Masaki au Upanga hadi Pugu hupita katika foleni ile ile inayowachosha abiria wa daladala, hupanga mstari kwenye lango la dampo, na hurudi katika foleni nyingine. Safari ambazo gari moja linaweza kufanya kwa siku zimekuwa chache, huku watu wakizidi kuongezeka. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu wakazi 4,364,541 katika mkoa wa Dar es Salaam, na ile ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Hao milioni moja walioongezeka hawakuja na barabara yao wala na magari yao ya taka.

Tangu mwaka 1994, kampuni binafsi ilipokabidhiwa kata za katikati ya jiji, uzoaji umekuwa ukifanywa na wazabuni na vikundi vya kijamii vinavyokusanya ada nyumba kwa nyumba. Utaratibu huo uliokoa jiji kutoka katika milima ya taka ya miaka ya mwanzo ya 1990, hilo halina ubishi. Lakini pia uliweka mezani hesabu ambayo haijapata jibu: mzabuni hulipwa kwa idadi ya nyumba zinazotoa ada, si kwa usafi wa mtaa saa tisa alasiri. Nyumba zisizolipa zikiwa nyingi, safari hupunguzwa, na pipa la yule aliyelipa hujaa sawa na la yule ambaye hakulipa.

Kuna jambo la saa pia, ambalo hutajwa kwa nadra. Katika mwambao huu upepo hauvumi kwa nguvu ile ile kutwa nzima. Alfajiri huwa mtulivu, kisha nchi kavu inapopata joto hewa ya baharini huanza kuingia, na mchana hadi alasiri ndipo inapokuwa kali. Mkazi anayetakiwa kutoa pipa nje ya geti usiku au alfajiri hulitoa wakati wa utulivu. Gari likipita saa moja asubuhi, pipa hilo halitaonana kamwe na upepo wa mchana. Gari likipita saa kumi jioni, pipa limesimama barabarani katika saa zote ambazo halikupaswa kuwa hapo.

Kusogeza saa ya kuzoa kutoka mchana kwenda alfajiri hakuhitaji kununua hata kifuniko kimoja kipya. Kwa kuwa alfajiri pia barabara ya kwenda Pugu ina magari machache, huenda mzabuni naye angenufaika. Inashangaza kwamba katika mijadala mingi ya usafi wa jiji, kuanzia ile ya Desemba 9, 2015, pale sherehe za Uhuru zilipogeuzwa kuwa siku ya kufanya usafi nchi nzima, hadi ile ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi iliyofuata, saa ya gari la taka haikupewa uzito ambao fagio lilipewa.

Badiliko jingine lililoongeza uzito wa kifuniko lilikuja Juni 1, 2019, pale mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipopigwa marufuku nchini. Marufuku hiyo ilikuwa ya lazima, na yeyote anayekumbuka mitaro ya Jangwani ilivyokuwa imejaa mifuko hawezi kuijutia. Lakini mfuko ule, uliojulikana kila mahali kwa jina la Rambo, ulikuwa na kazi ya pili ambayo haikuandikwa popote. Baada ya kubebea nyanya na vitunguu, ulifungwa fundo na kuwa kifuniko cha taka za jikoni. Kila familia ilikuwa na vifuniko vidogo vidogo ndani ya pipa lake.

Mifuko hiyo ilipoondoka, taka nyingi zilianza kumwagwa ndani ya pipa zikiwa huru. Maganda na mabaki ya chakula ni mazito, hayaendi mbali. Karatasi, vifungashio vya biskuti na vikombe vya mtindi ndivyo vinavyopaa. Zamani kifuniko cha pipa kilikuwa kinga ya pili, leo katika nyumba nyingi ndicho kinga pekee. Hakuna dalili kwamba ratiba za uzoaji zilibadilishwa kulingana na hilo.

Haitoshi kulaumu gari peke yake, kwa maana pipa huguswa na mikono mingi. Waokota chupa hupita alfajiri kabla ya gari, hufunua, huchambua, na huondoka. Kazi yao ina faida kubwa, kwani chupa wanazoziokota hazifiki Pugu wala baharini, na kuwafukuza kungekuwa ni kujikata mkono. Lakini mwenye haraka ya kuwahi pipa linalofuata hakumbuki kufunika lile aliloliacha. Wapakiaji nao, wakishalimimina pipa, hulirusha chini kifuniko kikiwa wazi, na baada ya miezi michache bawaba huchanika. Kuhusu mapipa ya chuma, yale yanayotengenezwa na mafundi kutokana na madumu ya lita 200, vifuniko vyake havichukui muda kuonekana kwenye mizani ya mnunuzi wa chuma chakavu.

Kisha yupo kunguru. Kunguru wa India, yule mwenye shingo ya kijivu anayetawala anga la pwani nzima, aliletwa Zanzibar katika miaka ya 1890 kwa matumaini kwamba atasaidia kula taka za mji. Alikula, akazaana, akavuka bahari, na leo anakula pia mayai na makinda ya ndege wengine. Juni 2024 Kenya ilitangaza mpango wa kuwaua kunguru milioni moja kabla ya mwaka huo kwisha. Ni nadra kusikia katika mipango ya namna hiyo kwamba chakula chake kikuu mjini hutoka katika mapipa yasiyofunikwa. Upepo ukishafungua kifuniko, kunguru hahitaji mwaliko, na kile ambacho upepo ulishindwa kukiinua yeye hukitoa kwa mdomo.

Mvua nayo ina sehemu yake. Pipa lililo wazi hukusanya maji, na maji yaliyotuama katika vyombo ndiyo mazalio ya mbu aina ya Aedes, anayeeneza homa ya dengue na kuuma mchana. Dar es Salaam ilikumbwa na milipuko ya homa hiyo mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Si haki kusema kwamba mapipa ndiyo yaliyoileta, maana matairi ya zamani, vifuu vya nazi na makopo yaliyotupwa vina mchango mkubwa zaidi. Lakini pipa bovu nalo ni kopo kubwa.

Inafaa pia kuwa waangalifu tunapozungumzia mafuriko. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu zaidi ya 40 jijini, na yale yaliyolifunga Bonde la Msimbazi mara kadhaa katika miaka iliyofuata, taka zilizoziba mitaro zilitajwa miongoni mwa sababu. Sehemu kubwa ya taka hizo hutupwa mitaroni kwa makusudi, usiku, na watu ambao hawana pipa kabisa wala gari lisilofika kwao wa kulilalamikia. Zinazoletwa na upepo ni kidogo zikilinganishwa na hizo. Tofauti ni kwamba hizi za upepo zilikuwa tayari zimetiwa mahali pake, na mtu alikuwa amekwisha kulipa ada ili ziondolewe.

Wakati halmashauri zikitafakari, wakazi wamejitafutia dawa. Iliyoenea zaidi ni jiwe au tofali juu ya kifuniko. Linafanya kazi, lakini wapakiaji hulichukia kwa sababu huwaangukia miguuni, na jioni hukutwa limetupwa mtaroni. Bora zaidi ni ukanda wa mpira uliokatwa kutoka tyubu ya baiskeli, unaofungwa kwenye mpini na kuvutwa hadi kwenye ndoano upande wa mbele. Hunyumbuka, hautoi kutu, na mtu huufungua kwa mkono mmoja. Kasoro yake ni kwamba mpakiaji mwenye haraka huukata kwa kisu badala ya kuufungua, na mwenye pipa hulazimika kutafuta tyubu nyingine.

Dawa isiyogharimu kitu ni ya kuligeuza pipa. Bawaba ikielekea upande upepo unakotoka, upepo hukikandamiza kifuniko badala ya kukiinua. Katika msimu wa kusi, takriban kuanzia Mei hadi Septemba, upande huo ni wa kusini na kusini-mashariki, na kaskazi inapoingia, kuanzia Desemba hadi Machi, hugeuka kuwa kaskazini-mashariki. Manahodha wa majahazi walipanga safari za mwaka mzima kwa pepo hizo mbili, kwa hiyo mwenye nyumba hashindwi kuligeuza pipa lake mara mbili kwa mwaka. Mbinu hii hutegemea mahali, hata hivyo. Katika vichochoro vya Kariakoo, kati ya maghorofa yaliyobanana, upepo hugonga ukuta, hushuka chini na kuzunguka, na hakuna awezaye kusema unatoka wapi. Huko kinachosaidia ni kibanda cha matofali chenye kuta tatu, au pipa lililofungwa kwa mnyororo kwenye nguzo.

Viwandani hutengenezwa pia komeo zinazofanya kazi kwa uzito: pipa likiwa wima kifuniko hubaki kimefungwa, na gari likiliinua na kulipindua komeo hujiachia lenyewe. Ni kifaa kizuri, lakini hudhani kwamba kuna gari lenye mikono ya kuinua pipa. Katika mitaa mingi ya Dar es Salaam mikono hiyo ni ya binadamu, na gari lenyewe ni lori la wazi. Hapa ndipo penye kinaya kikubwa kuliko vyote. Mkazi anatakiwa na sheria ndogo afunike pipa la lita 240, kisha taka zake hupakiwa katika lori lisilo na turubai wala wavu, ambalo huzipukuta njia nzima kuelekea Pugu. Lori hilo ni pipa lisilo na kifuniko, tena linalokwenda kwa kasi kuliko upepo.

Kwingineko duniani sheria ya kifuniko ni ya zamani. Mwishoni mwa mwaka 1883 mkuu wa mkoa wa Seine nchini Ufaransa, Eugène Poubelle, aliagiza kwamba kuanzia mwaka uliofuata kila mwenye jengo mjini Paris awape wapangaji wake vyombo vya taka vyenye vifuniko. Magazeti yalimdhihaki kwa kulifanya jina lake kuwa jina la pipa, na ndivyo Kifaransa kinavyoliita hadi leo, pamoja na kile kinachosemwa Kongo na Burundi. Waokota vitambaa wa mji ule walilalamika kwamba kifuniko kitawanyima riziki, lalamiko ambalo mwokota chupa wa Sinza angelielewa mara moja.

Nchini Uingereza, ambako mapipa ya magurudumu yalienea tangu miaka ya 1980, halmashauri nyingi zina kanuni kali: pipa ambalo kifuniko chake hakikufunga halizolewi. Kanuni hiyo hupendwa kunukuliwa na maofisa wa afya huku kwetu, na kwa juu juu inaonekana inafaa kuigwa. Kinachosahaulika ni nusu yake ya pili. Mkazi wa kule hupewa na halmashauri kalenda inayoonyesha siku ya gari lake, na asipozolewa siku hiyo ana mahali pa kudai. Kanuni ya kifuniko kule ni kipimo cha kiasi alichoruhusiwa kukitoa kati ya siku moja inayojulikana na nyingine inayojulikana. Ukiiondoa siku, kilichobaki ni adhabu tu.

Hapo ndipo sheria za usafi mijini zinapohitaji kuangaliwa upya. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezipa serikali za mitaa wajibu wa kusimamia taka ngumu katika maeneo yao, na halmashauri zimetunga sheria ndogo zinazomtaka mwenye nyumba au biashara awe na chombo chenye kifuniko. Akikiuka, mgambo yupo mlangoni na kitabu cha faini. Mzabuni asipofika siku iliyopangwa, mama lishe aliyetozwa faini kwa pipa lililofurika hana kitabu cha kumwandikia. Yeye hulipa mara mbili, ada ya kuzolewa taka ambazo hazikuzolewa, na faini ya taka hizo kuonekana.

Haihitajiki sheria mpya ya Bunge kulirekebisha jambo hili. Mikataba ya uzoaji hutangazwa na kusainiwa na halmashauri zenyewe, na ndani yake panaweza kuandikwa siku na saa ya kila mtaa, zikabandikwa kwenye ofisi ya serikali ya mtaa ambako kila mtu anapita. Panaweza kuandikwa kwamba pipa litarudishwa likiwa limesimama na kifuniko kimefungwa, kwamba bawaba iliyovunjwa na wapakiaji italipwa na mzabuni, na kwamba gari lisilo na turubai halitapokelewa dampo. Panaweza pia kuandikwa kwamba faini ya kifuniko haitozwi katika mtaa ambao gari halikufika siku yake. Kipengele hiki cha mwisho ndicho kitakachopingwa zaidi, kwa sababu kingeilazimu halmashauri kuweka kumbukumbu za magari yake kwa uangalifu ule ule inaoweka kumbukumbu za faini.

Kikwazo kipo katika mpaka wa mamlaka. Halmashauri ya Jiji iliyokuwa ikiratibu manispaa zote ilivunjwa Februari 2021, na hadhi ya jiji ikapewa Ilala. Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni kila moja ina mikataba yake, wazabuni wake na sheria ndogo zake, ilhali kilichopeperuka kutoka pipa la manispaa moja hutua katika mtaro wa nyingine bila kuulizwa kibali. Mtu anayeishi upande mmoja wa barabara anaweza kuzolewa Jumatatu na jirani yake wa upande wa pili asijue siku yake kabisa.

Wanaoibeba gharama ya pengo hilo kila siku ni wafagiaji. Wengi wao ni wanawake, wameajiriwa na wazabuni, na hupimwa kwa jinsi kipande chao cha barabara kinavyoonekana msimamizi anapopita. Msimamizi hapiti saa kumi na mbili asubuhi. Akipita alasiri, baada ya upepo kuyafanya uliyoyafanya kwenye mapipa yaliyoachwa bila kuzolewa tangu juzi, anachokiona ni barabara chafu na mfagiaji ambaye hana namna ya kuthibitisha kwamba alifagia.

Msimu wa kusi una miezi mitano hivi. Katika kipindi hicho halmashauri yoyote kati ya hizo tano ingeweza kuchagua kata moja ya ufukweni, ikalipitisha gari saa moja asubuhi bila kukosa, na kuhesabu ni vifuniko vingapi vitakavyokutwa wazi alasiri. Gharama yake ni mafuta ya gari ambalo hata hivyo lingekwenda, na mtu mmoja wa kuhesabu.